Simu, laptopu na pawabenki ndani ya ndege: ninayowaambia wateja wangu kabla hawajaenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA)

"Fundi, ni kweli nikisahau kuzima simu ndege inaanguka?"

Swali hili hulisikia sana kibandani kwangu kila Januari, waliokuja Moshi kula sikukuu wanapoanza kurudi makwao, na wazazi wanapokatiwa tiketi kwenda kusalimia watoto Dar, Mwanza au ng'ambo. Anayeuliza mara nyingi ameleta simu ibadilishwe kioo. Mkoba wake ukiwekwa mezani, ndani unakuta pawabenki iliyovimba mpaka ganda limeachia pembeni. Hiyo haiulizii.

Nisiseme uongo, nimekaa na betri miaka mingi kuliko saa nilizokaa angani. Ila kanuni za vifaa hivi ndani ya ndege karibu zote zinahusu vitu viwili, antena na betri, na vyote viwili ndivyo vinavyonilisha. Nitaanza na betri, kwa sababu kazi yake inafanyika nyumbani kabla hujatoka.

Usiku wa kuamkia safari: mwaga kila kitu mezani

Toa kila chenye betri. Simu, kitochi cha akiba (ile simu ndogo ya vitufe), laptopu, kamera, saa janja, iafoni za masikioni zisizo na waya, mashine ya kunyolea, tochi ya kichwani kama ulikuwa mlimani, na pawabenki. Mtu mmoja anaweza kuwa na betri nane bila kujua.

Sasa vipitie kimoja kimoja kwa vidole. Betri nzima ni bapa kama kipande cha biskuti. Ikianza kuharibika, gesi hujikusanya ndani na inavimba. Kwenye simu za kisasa huioni betri, kwa hiyo tumia mbinu hii: ilaze simu kifudifudi juu ya meza iliyonyooka, halafu isukume pembe moja kwa kidole. Nzima inakwaruza na kusimama. Iliyovimba inazunguka kama pia, kwa sababu kioo kimetuna katikati. Kwa laptopu angalia kile kibao cha kuchezeshea kidole. Kikiwa kigumu kubonyea au kimepanda juu upande mmoja, betri iko chini yake inakisukuma.

Betri iliyovimba haisafiri. Si mkononi, si kwenye begi la chini, si kwa kuifunga kitambaa. Ndani ya ndege hewa husindikwa ili tupumue, lakini haifikishwi kuwa nzito kama ya pwani. Huwa kama ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa huku ni sawa na kusimama geti la Marangu, au kupanda juu yake kidogo. Pakiti ya krispi ukiitoa Dar na kuipeleka Marangu inatuna yenyewe. Gesi iliyo ndani ya betri yako nayo hutuna hivyo hivyo, tena imezungukwa na kemikali inayoshika moto.

Na tafadhali, kuna mafundi wenzangu wanaotoboa betri kwa sindano "kutoa upepo". Usikubali. Badilisha betri. Mwaka 2016 Samsung Galaxy Note 7 zilipoanza kuwaka moto mifukoni mwa watu, Marekani ilizipiga marufuku ndani ya ndege zote mwezi Oktoba, ziwe zimezimwa au la. Hakuna aliyesikilizwa kwa kusema yake haijawahi kupata moto.

Piga hesabu ya pawabenki

Kikomo cha ndege hakipimwi kwa mAh, ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye pawabenki, kinapimwa kwa watisaa, zinazoandikwa Wh. Kanuni zinazofuatwa na mashirika karibu yote duniani ziko hivi: mpaka Wh 100, unabeba bila kuomba ruhusa, ingawa baadhi ya mashirika yanaweka kikomo cha idadi. Kati ya Wh 100 na 160, lazima shirika likukubalie kwanza, na zisizidi mbili. Zaidi ya Wh 160, iache nyumbani.

Kama pawabenki yako haijaandikwa Wh, chukua mAh, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 10,000 inatoa 37. Ya 20,000 inatoa 74. Ya 27,000 inatoa 99.9, imepenya tundu la sindano. Ya 30,000 ni 111, hiyo tayari ni ya kuombea ruhusa. Ya 50,000 ni 185, nayo haipandi ndege ya abiria. Watu wengi huzidisha kwa 5 kwa sababu wameona "5V" imeandikwa pembeni. Hiyo 5 ni umeme unaotoka kwenye tundu kwenda kwenye simu. Seli zenyewe ndani ni za 3.7.

Hapa kuna kichekesho ninachokutana nacho kila mara. Mtu ananunua pawabenki barabarani, imeandikwa 50,000 kwa herufi kubwa, bei ya kutupa. Niliwahi kufungua moja mbele ya mwenyewe. Ndani kulikuwa na seli mbili nyembamba na kifuko cha mchanga cha kuipa uzito. Kwa uwezo wake halisi ingepita popote. Lakini mkaguzi hana bisibisi, ana macho, na macho yanasoma lebo. Uongo wa muuzaji ndio utakaokunyang'anya pawabenki, na mchanga wake.

Upande wa pili ni lebo iliyofutika. Pawabenki iliyokaa mfukoni na funguo mwaka mzima haisomeki kitu. Isiposomeka, mkaguzi ana haki ya kuikataa hata kama ni ndogo. Ukiwa na safari ya mbali, nunua yenye maandishi yaliyochongwa, siyo ya karatasi.

Kipi kiende begi gani

Ukishika hili moja umeshika mengi: pawabenki na betri yoyote ya akiba hukaa na wewe juu. Kamwe usiiweke kwenye begi unalokabidhi. Pawabenki inahesabiwa kuwa betri ya akiba hata kama imefungwa ndani ya ganda zuri lenye taa. Sigara za umeme nazo zinakaa juu, na humo ndani hazivutwi wala hazichajiwi.

Kwa nini juu, penye watu, wakati kitu ni cha hatari? Wateja hunibishia sana hapa, na wana haki ya kubisha. Sababu ni kwamba betri ya lithiamu ikianza kuchemka, seli moja huipasha ya jirani, nayo huipasha inayofuata, mpaka zote zimeshika. Juu kuna macho, kuna pua, kuna mhudumu aliyefundishwa, kuna maji. Chini kwenye mizigo kuna gesi ya kuzima moto, lakini gesi hiyo inafifisha mwali, haipozi seli iliyopata moto ndani kwa ndani. Ni kama kufunika jungu linalochemka bila kutoa kuni.

Laptopu na kamera zenye betri zao ndani ni bora zikae juu pia. Ukilazimika kuiweka laptopu chini, izime kabisa. Kufunika mfuniko hakutoshi, hapo imelala tu, na ikiamka katikati ya nguo itapata joto bila mtu kujua. Ifunge kwenye kitu laini isipigwe.

Betri za akiba za kamera zifunike midomo ile ya shaba kwa selotepu, ili isigusane na funguo au sarafu. Wageni hutumia vifuko vya plastiki. Sisi tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, na selotepu inafanya kazi ile ile kwa bei ya pipi.

Sanduku lenye pawabenki iliyojengewa ndani linakubalika kama betri inachomoka. Isipochomoka, utaliacha uwanjani. Droni ni habari nyingine ndefu: betri zake zinafuata kanuni hizi hizi, lakini droni yenyewe hapa Tanzania inataka kibali kabla hujaingia nayo au kuirusha. Usimletee ndugu yako droni kama zawadi ya kushtukiza.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Umefika mlangoni mwa ndege, begi lako la mkononi ni kubwa kidogo, na ndege ni ile ya mapangaboi yenye makabati madogo juu. Mhudumu anakuambia kwa upole begi lako litawekwa chini, utalichukua mkifika. Unakubali, unapanda. Pawabenki imekwenda chini bila wewe kukusudia. Kwa hiyo pakia pawabenki na betri za akiba kwenye kifuko kimoja kidogo, juu kabisa ya begi, ili ukiambiwa hivyo unakichomoa kwa mkono mmoja na kupita.

Uwanjani

Ukaguzi wa KIA hauna ugumu. Laptopu itoe kwenye begi uilaze peke yake kwenye trei. Saa, simu na mkanda vitoke. Hakikisha simu na laptopu zina chaji ya kuwaka, kwa sababu kwenye baadhi ya safari za nje unaweza kuambiwa uwashe kifaa kuonyesha kuwa ni kifaa kweli. Usipige picha eneo la ukaguzi wala askari, hata kama unataka tu kumwonyesha mama kwamba umefika.

Tiketi iliyo kwenye simu ni nzuri mpaka simu izime. Piga picha ya kioo uihifadhi, usitegemee intaneti, na ukipata nafasi itoe kwenye karatasi pale steshenari mjini kabla hujapanda gari la kwenda uwanjani. Nimewahi kumchajia mzee mmoja simu kwa dakika kumi huku bodaboda inamsubiri nje, tiketi yote imo humo, chaji asilimia mbili. Meku yule alitoka mbio bila kusubiri chenji.

Umekaa kitini: hali ya ndegeni

Turudi kwenye lile swali. Ndege haianguki kwa sababu ya simu yako moja. Lakini kanuni ina mantiki, na mwenye umri wangu ameisikia kwa masikio yake. Unakumbuka kuweka kitochi karibu na redio, halafu sekunde chache kabla simu haijaita redio inaanza "tiditi tiditi tidididi"? Ile ni simu inaongea na mnara, na nguvu yake inaingia kwenye waya za redio. Simu ya mtandao wa zamani inaweza kurusha hadi wati 2 kwa vipigo vifupi vifupi. Sasa weka mlio ule kwenye hedifoni za rubani wakati mwongoza ndege anamtajia urefu wa kushuka. Haitaangusha ndege, ila inaweza kumfanya asisikie tarakimu moja. Kwenye ukungu wa Julai huku kwetu, na mlima umekaa hapo pembeni, tarakimu moja si kitu kidogo.

Sababu ya pili haihusu ndege kabisa. Simu ikiwa chini inaona minara michache. Ikiwa juu na inakimbia kilomita mia kadhaa kwa saa, inaona minara mingi kwa mpigo na kuisumbua yote. Ndiyo maana Marekani, mwaka 1991, mamlaka ya mawasiliano ndiyo iliyokataza simu za mkononi angani, kulinda mitandao ya chini.

Zamani uliambiwa uzime kila kitu kabisa wakati wa kuruka na kutua, hata kifaa cha kusikilizia muziki. Hilo lililegezwa mwishoni mwa 2013, Marekani kwanza na Ulaya mara baada yake: vifaa vidogo vikaruhusiwa safari nzima, mradi viwe kwenye hali ya ndegeni, yaani ile inayokata mtandao wa simu. Septemba 2014 Ulaya ikaenda mbele zaidi, ikaruhusu shirika lililopima ndege zake liache abiria watumie simu bila hata hali hiyo. Kwa hiyo binamu yako wa Ujerumani akikuambia "kwetu tunaruhusiwa", inawezekana anasema kweli, na bado wewe uliyepanda ndege ya shirika lingine ukatakiwa kufuata tangazo la humo. Ndege ikishafungwa milango, rubani ndiye mwenye kauli. Mkataba wa Tokyo wa 1963 ulimpa mamlaka hayo. Usibishane na mhudumu kwa kumsomea mtandao.

Namna ya kufanya sasa. Simu janja: vuta kidole kutoka juu ya kioo kuja chini, gusa alama ya ndege, hakikisha zile nguzo za mtandao zimepotea na ndege ndogo imetokea mahali pake. Ukishafanya hivyo unaweza kuwasha Bluetooth au Wi-Fi peke yake kama tangazo linaruhusu. Mawimbi yake ni madogo na hayaendi mbali. Mara nyingi simu mpya huiacha Bluetooth ikiwaka yenyewe ili iafoni zisikatike, usishangae. GPS ni ya kupokea tu, hairushi kitu, hivyo inaendelea kufanya kazi. Ukipakua ramani kabla, ukikaa dirishani unaweza kufuata safari yako yote kutoka Bonde la Pangani mpaka Dar.

Sasa ile simu nyingine. Sote tuna laini mbili tatu na kitochi cha chaji ya wiki nzima. Kitochi kiko ndani ya begi, begi liko kabatini juu, na kitochi kinapiga kelele kutafuta mnara. Kiwekee hali ya ndegeni ukiwa bado chumba cha kusubiria, au kizime kabisa. Na ukikizima, futa alamu. Baadhi ya Nokia za zamani hulia alamu hata zikiwa zimezimwa, kisha zinauliza kama ziwashwe. Abiria aliyeshtuka usingizini anabonyeza chochote kilicho karibu na kidole. Saa janja yenye laini yake nayo ihesabu.

Vifaa vya kusaidia usikivu na vile vya moyo vilivyopandikizwa mwilini havizimwi. Mama mwenye kifaa cha sikio asiambiwe na mjukuu wake akivue.

Ukiondokea Kisongo

Uwanja wa Arusha pale Kisongo una mambo yake. Ndege nyingi zinazokwenda Serengeti ni Cessna Caravan, injini moja, abiria kumi na kitu, hakuna mhudumu, na rubani umemkalia mgongoni. Siku nyingine abiria mmoja hukaa mbele kabisa, pembeni mwake. Huko hakuna anayepita kukagua. Rubani anageuka, anasema maneno manne matano, anawasha injini.

Rubani mmoja wa ndege hizi aliniletea simu yake nibadilishe tundu la chaji, tukapiga soga. Akaniambia ule mlio wa tiditi ameusikia kweli hedifonini, na anajua papo hapo kuna mtu nyuma yake amesahau. Hawezi kusimama kwenda kumtafuta. Anavumilia mpaka simu ikose mtandao. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kuwa mkali na hali ya ndegeni ni kwenye kandege kadogo, kuliko lile dege kubwa linaloruka usiku kutoka KIA, ingawa watu hufanya kinyume: kwenye kubwa wanaogopa, kwenye kadogo wanajiona wako kwenye daladala.

Mizigo yake ni mabegi laini na uzito ni mdogo, kwa kawaida kilo 15. Kifuko chako cha betri kaa nacho mapajani. Ukitaka kupiga picha, shika simu kwa mikono miwili au ivalishe kamba ya shingoni. Ikidondoka kuelekea miguuni kwa rubani usiinue mkono kuifuata, mwambie.

Kuruka na kutua

Laptopu inafungwa na kuwekwa, hata ikiwa kwenye hali ya ndegeni. Hapa sababu si antena. Ndege ikifunga breki ghafla, kitu cha kilo mbili kinaruka kumpiga mtu, na kama kuna dharura kinaziba njia ya aliyekaa dirishani. Simu unaweza kuishika. Hedifoni vua angalau wakati wa maelezo ya usalama. Chomoa chaja, waya uliokatiza miguuni ni mtego.

Kwa wanaotaka picha ya Kibo: ukitoka Dar kuja KIA kaa upande wa kulia, ukitoka KIA kwenda Dar kaa kushoto. Asubuhi, kabla mawingu hayajapanda. Zima mwanga wa kamera, utarudishiwa na kioo cha dirisha. Usimrekodi mhudumu au jirani bila kumwomba.

Angani: pawabenki imebadilishiwa kanuni

Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan aina ya Airbus A321 ilishika moto uwanjani Gimhae, Korea Kusini, ikijiandaa kuondoka. Watu wote 176 walitoka hai. Moto ulianzia kwenye kabati la juu, na wachunguzi wakasema chanzo kinachoelekea ni pawabenki. Kuanzia hapo mambo yakabadilika haraka. Korea Kusini ilikataza zisiwekwe kabatini kuanzia Machi mwaka huo. Singapore Airlines ikakataza kuzitumia kuchaji kuanzia Aprili. Emirates, wanaoshuka Dar, kuanzia Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu iliyo chini ya Wh 100, na huitumii angani.

Maana yake kwako: ukiwa na safari ya kuunganisha ndege mbili, kanuni kali zaidi kati ya hizo mbili ndiyo yako. Fungua ukurasa wa shirika lako siku moja kabla, soma sehemu ya betri. Pawabenki iweke mfuko wa kiti cha mbele au chini ya kiti, mahali unapoiona. Chaji simu kwa tundu la kwenye kiti kama lipo. Usiifunike simu inayochaji kwa blanketi, na usilale ukiwa umeikalia.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui kabisa. Simu ikiteleza ikaingia kwenye uwazi wa kiti, usisogeze kiti. Usikilaze, usikiinue, usiingize mkono kwa nguvu. Bonyeza kitufe cha kumwita mhudumu. Kiti cha ndege kina vyuma vinavyojikunja, na simu ikibanwa humo betri inapasuka. Nimeletewa simu iliyobanwa na kiti cha gari cha kusogea, imekunjika kama chapati. Hiyo ilikuwa na bahati, betri ilikuwa tupu.

Na kifaa chochote kikianza kuwa cha moto kuliko kawaida, kikatoa moshi, au harufu tamu kali kama ya rangi ya kucha, usikifiche kwa aibu. Ita mhudumu kwa sauti. Chomoa waya kama unaweza bila kuungua. Usikifunike kwa nguo, usikiweke kwenye begi, usikibebe kukimbilia chooni. Wahudumu wamefundishwa: watazima mwali, kisha watakimwagia maji au kinywaji chochote kisicho na kilevi kwa muda mrefu ili kipoe, kwa sababu seli iliyozimika inaweza kuwaka tena. Barafu hapana, inahifadhi joto ndani.

Wi-Fi ya ndege, kama ipo, ni kwa ujumbe na kuperuzi. Mashirika mengi hayataki upige simu ya sauti hata kama WhatsApp inakubali, na abiria wenzako hawataki zaidi.

Magurudumu yakigusa chini

Subiri tangazo. Mashirika mengi yanaruhusu kuwasha mtandao ndege ikishatoka kwenye njia ya kurukia, wengine mpaka isimame. Ukiwa umetua nchi nyingine, kabla hujatoa hali ya ndegeni ingia kwenye mipangilio uzime data ya nje ya nchi, la sivyo salio lako la wiki litaisha unaposubiri begi.

Wiki iliyopita dada mmoja aliingia kibandani amekunja uso. Amerudi kutoka Dar siku nne zilizopita, simu haishiki mtandao, M-Pesa haifunguki, ameshabadilisha laini mara mbili na fundi mwingine amemwambia IC ya mtandao imekufa, alete elfu sitini. Niliichukua, nikavuta kidole kutoka juu ya kioo, nikagusa mara moja. Meseji zikaanza kuingia mfululizo. Akanitazama, akatazama simu, akauliza namdai kiasi gani.